Mtoto wa Kimaori Aenda Shuleni

Tazama ramani ya dunia. Upande wa kusini-mashariki wa Australia, katika bahari kubwa ya Pasifiki, utaona visiwa viwili virefu. Nchi hiyo ndiyo Nyuzilandi. Wenyeji wake wa kwanza ni Wamaori. Mababu zao walifika huko kwa mitumbwi mikubwa, yapata miaka mia saba iliyopita. Walichukua viazi vitamu vya kupanda, na Wamaori huviita kumara mpaka leo. Waingereza walifika nyuma yao sana, na tangu mwaka 1840 nchi ikawa chini ya utawala wa Uingereza.

Mwaka 1867 serikali ilitoa sheria ya kuanzisha shule katika vijiji vya Wamaori. Wanakijiji walitoa kiwanja, serikali ikaleta mwalimu. Mafundisho yalipaswa kutolewa kwa Kiingereza. Wazazi wengine waliomba hivyo wenyewe, maana waliona kwamba mtu asiyejua Kiingereza hudanganywa upesi katika mambo ya ardhi na ya biashara. Walitaka watoto wao wapate lugha ya pili. Hawakutaka wapoteze ile ya kwanza.

Fikiri sasa juu ya msichana wa miaka tisa, katika wilaya ya Hokianga, upande wa kaskazini, mwaka 1955. Ni mwezi wa saba. Huko mwezi wa saba ni wakati wa baridi na mvua, na njia zote ni tope.

Msichana aliamka kungali giza. Kwanza alikwenda zizini kumsaidia baba yake kukamua ng'ombe. Mikono yake ilikuwa ya baridi, lakini matiti ya ng'ombe yalikuwa ya moto, basi kazi hiyo haikumchukiza. Maziwa yalipitishwa katika mashine ya kutenga mafuta. Mafuta hayo yaliwekwa katika kopo kubwa kando ya barabara, na gari la kiwanda cha siagi lilipita kulichukua. Maziwa yaliyobaki walipewa nguruwe.

Nyanya yake alimpa uji wa moto na kumsemesha Kimaori. Mzee huyu hakujua lugha nyingine. Alimwuliza, «Mjukuu wangu, umelala vema?» Msichana alijibu kwa Kimaori, lakini kwa maneno machache, maana baba na mama walizoea kusema naye Kiingereza tu.

Shule ilikuwa mbali, karibu kilometa tano. Msichana alipanda farasi pamoja na kaka yake na mdogo wao, watatu juu ya mgongo mmoja. Tandiko hawakuwa nalo, walikalia gunia. Wote walikwenda miguu mitupu. Huko watoto wengi walikwenda hivyo, hata wakati wa baridi. Walipofika walimwachia farasi katika uwanja wenye ua, pamoja na farasi wa wenzao, naye alikula majani mpaka saa ya kurudi. Asiyekuwa na farasi alitembea.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya mbao yenye bati juu, vyumba viwili tu, na madirisha makubwa. Watoto walikuwa arobaini hivi. Mwalimu mkubwa alifundisha wakubwa, na mke wake alifundisha wadogo. Nyumba yao ilikuwa papo hapo kando ya shule. Katika shule nyingi za namna hii mwalimu alikuwa pia mtunza dawa, maana daktari alikaa mbali. Mtu akiwa na kidonda au homa, hata awe mzee wa kijiji, alibisha hodi kwa mwalimu.

Kabla ya masomo watoto walipanga mistari. Mwalimu alitazama mikono, kucha, masikio na nywele. Aliyesahau kitambaa cha pua alionywa. Kisha waliingia na kuwasha jiko la kuni. Walifanya hesabu za pauni, shilingi na pensi, fedha za nchi yao wakati huo. Ilikuwa kazi ngumu kweli, maana shilingi moja ilikuwa pensi kumi na mbili, na pauni moja ilikuwa shilingi ishirini! Mwaka 1967 nchi ilipoanza kuhesabu kwa dola na senti, watoto walipata nafuu.

Baada ya hesabu ilikuja saa ya maziwa. Tangu mwaka 1937 mpaka 1967 serikali iliwapa watoto wa shule maziwa bure. Shule zilizokuwa karibu na barabara nzuri zililetewa chupa ndogo ndogo. Wakati wa joto chupa zilikaa juani, na watoto wengi waliyachukia maziwa hayo ya vuguvugu. Katika shule za mbali walitumia maziwa ya unga. Siku za baridi wasichana wakubwa waliyapika pamoja na kakao katika sufuria kubwa, na hapo hapana mtoto aliyekataa kikombe chake.

Wakati wa mapumziko wavulana walicheza mpira wa rugbi juu ya majani mabichi. Wasichana walicheza mchezo wa uzi. Walifunga uzi mrefu, wakauzungusha katika vidole, wakafanya sura za nyumba, za nyota na za wanyama. Watoto wa Afrika wanaujua mchezo huo pia, bila kufundishwa na Wamaori.

Hapo uwanjani mtoto mmoja mdogo alianguka akapiga kelele kwa Kimaori. Mwalimu alisikia. Alisema kwa sauti ya upole, «Kiingereza, tafadhali.» Mwalimu huyu hakumpiga mtoto kwa sababu hiyo. Lakini baba wa msichana, alipokuwa mwanafunzi, alichapwa mkononi kwa ukanda wa ngozi kila mara alipotamka neno la Kimaori, na wenzake wengi kadhalika. Hakusahau. Alipopata watoto alisema moyoni, «Hawa wangu hawatachapwa.» Kwa hiyo alisema nao Kiingereza tangu walipozaliwa. Alifanya hivyo kwa kuwapenda.

Siku ya Ijumaa mchana kulikuwa na nyimbo za Kimaori. Tangu miaka ya 1930 serikali iliruhusu shule hizi kufundisha nyimbo, ngoma, uchongaji na ususi wa wenyeji. Msichana aliimba kwa sauti nzuri. Maneno mengine hakuyafahamu. Wimbo ulipokwisha, mwalimu alitoa amri ya kufunga vitabu na kaye, naye alisema kwa Kiingereza. Jambo la ajabu: waliruhusiwa kuimba kwa lugha ambayo hawakuruhusiwa kuitumia wakiomba kalamu.

Jioni nyanya alimngoja na barua mkononi. Ilitoka serikalini, nayo ilihusu fedha za wazee. Nyanya hakuweza kuisoma. Msichana aliketi karibu na moto, akasoma polepole, mstari baada ya mstari. Halafu alijaribu kumweleza kwa Kimaori. Alifika kwenye neno moja akanyamaza. Alijua maana yake kwa Kiingereza, lakini neno la Kimaori hakulipata. Nyanya alilitafuta pamoja naye. Alitaja hili, akataja lile, mpaka msichana akacheka na kusema, «Ndilo hilo!» Usiku ule alijifunza neno ambalo shule haikumfundisha, lakini pasipo shule barua ingekaa bila kusomwa.

Nyumba nyingi hazikuwa na nyanya wa namna hiyo. Mwaka 1913 watoto tisini katika kila mia wa Kimaori waliokuwa shuleni walijua kusema Kimaori. Mwaka 1953 walikuwa ishirini na sita. Mwaka 1975 hawakufika watano. Shule za Wamaori zenyewe zilikuwa zimeunganishwa na shule nyingine za nchi mwaka 1969.

Hapo watu walishtuka. Mwaka 1972 walipeleka bungeni maombi yenye sahihi zaidi ya elfu thelathini, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982, karibu na mji wa Wellington, ilifunguliwa shule ya kwanza ya watoto wachanga iitwayo kohanga reo, maana yake kiota cha lugha. Humo walisema Kimaori tu. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi.

Katika viota hivyo wafundishaji wengi walikuwa akina nyanya, wale wale ambao zamani waliambiwa wanyamaze. Mama vijana walileta watoto wao asubuhi. Wengine hawakurudi nyumbani. Waliketi sakafuni pamoja na watoto, wakaanza kujifunza majina ya vitu: mkono, maji, mkate, mlango.

MAULIZO. Kwa nini maziwa ya kakao yalipendwa kuliko maziwa ya chupa? Kwa nini baba wa msichana alisema Kiingereza na watoto wake? Nyanya alipata faida gani kwa mjukuu wake, na mjukuu kwa nyanya? Mwulize mzee wa kwenu maneno matatu ya zamani ya lugha yenu, kisha uyaandike katika kaye yako.