Tone kwa Tone

Wazazi Wakristo humkimbilia Mtakatifu Monika kwa sababu ya machozi aliyomlilia mwanawe Augustino. Ni wachache wakumbukao kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa msichana huko Afrika ya Kaskazini katika karne ya 4, alikuwa karibu kutekwa na divai.

Augustino ameyaeleza hayo katika kitabu cha 9 cha Maungamo yake. Wazee walimtuma binti yao kuteka divai pipani. Hakuipenda, kwa utundu wa kitoto aligusisha midomo tu. Siku ya pili akaongeza kidogo, ya tatu kidogo tena, hata akawa anakunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. (Na yaya wake alikuwa mkali, tena alikwisha kumwonya!) Aligeuka mnywaji siku gani? Siku hiyo haipo. Kila tendo lilikuwa dogo, lakini lilimwachia wepesi wa kulitenda tena, na wepesi huo ndio tuuitao tabia.

Aliyemponya ni kijakazi aliyefuatana naye pipani. Siku moja waligombana, naye akamtukana kuwa ni mlevi. Neno lilitoka kwa hasira, si kwa mapendo. Hata hivyo Monika alijiona humo kama katika kioo, akaacha mara moja.

Nasi je? Mtoto afichaye chenji ya dukani, baba aahirishaye sala ya jioni kwa uchovu: ni nani nyumbani mwetu atakayethubutu kututajia jina letu, na tukisha kulisikia, tutamfanya nini?