Kwa Nini Pikipiki Huanguka?

Hapa Kalemie pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Humpeleka mama sokoni, na mgonjwa hospitali, na gunia la mihogo kutoka shambani. Lakini pikipiki hiyo hiyo huleta kwetu watu waliovunjika miguu na kuumia vichwa. Wengine hawakugongwa na gari lolote. Pikipiki iliwashinda, wakaanguka wenyewe.

Jamaa wakiulizwa, husema, “Ni bahati mbaya,” au, “Amelogwa.” Ndugu, tuchunguze kwanza. Mara nyingi anguko lina sababu inayoonekana kwa macho, na sababu ya namna hiyo yaweza kuzuiwa.

1. Mwendo. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde moja. Dereva aonaye mbuzi njiani huhitaji karibu sekunde moja kabla ya kushika freni, na kwa muda huo mita 11 zimekwisha kupita. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kushika freni hurefuka mara nne.

2. Njia. Barabara zetu nyingi ni za udongo. Wakati wa kiangazi changarawe na mchanga hulala juu ya udongo mgumu, na gurudumu huteleza kama mguu uliokanyaga punje za mahindi sakafuni. Wakati wa masika ni matope. Kadhalika reli, iliyofika mji huu mwaka 1915: chuma chake kikilowa huteleza sana. Ivuke kwa kunyoka, si kwa upande, wala usishike freni ukiwa juu yake.

3. Freni. Gurudumu lililokazwa ghafula haliviringiki tena, huteleza. Likiwa ni la mbele, pikipiki hulala chini mara moja. Basi punguza mwendo kabla ya kufika penye kona, pikipiki ingali wima. Tumia freni zote mbili, ukizikaza polepole. Penye mchanga, ile ya mbele ishikwe kwa upole sana.

4. Mzigo. Watu watatu wakipanda nyuma, au magunia yakifungwa huko, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii mkono. Bidoni zilizoning'inia upande mmoja huivuta pikipiki upande huo.

5. Chombo chenyewe. Mpira uliokwisha meno haushiki njia. Mpira usio na upepo wa kutosha huyumba. Mnyororo uliolegea waweza kutoka na kulifunga gurudumu la nyuma. Kuvitazama vitu hivi asubuhi ni kazi ya dakika chache tu.

6. Dereva. Lutuku humfanya mtu ajione hodari, kumbe mikono yake imechelewa. Usingizi na simu humtoa macho njiani. Tena kuna neno lisilosemwa sana. Motari wengi hutumia pikipiki isiyo yao, nao wanadaiwa fedha kila jioni. Jua likizama na fedha haijatimia, hukimbia. Ndugu mwenye pikipiki, ukipokea fedha kila jioni bila kununua mpira mpya, je, huna sehemu yako katika anguko lile? Mpira ni wa bei ndogo kuliko mguu wa mtu.

Kofia ngumu

Mwaka 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari mashuhuri aliyeokoka katika vita vya Uarabuni, alikuwa akiendesha pikipiki. Akajaribu kuwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli, pikipiki ikamshinda, akaanguka. Hakuvaa kofia ngumu. Akafa baada ya siku sita. Mmoja wa waganga walioitwa alikuwa Hugh Cairns, naye akaendelea kuchunguza vichwa vya waendesha pikipiki. Mwaka 1941 alitangaza kwamba kofia ngumu huokoa maisha, na jeshi la Uingereza likaiamuru kwa waendesha pikipiki wake. Basi vaa kaske, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Abiria naye ana kichwa.

Mtu akianguka

Usimvute mikono wala kumketisha. Kama damu inatoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Kama amezimia, usimpe maji. Mchukueni juu ya ubao, watu kadhaa, shingo na mgongo vikae sawa. Aliyepigwa kichwa aletwe hospitali hata kama amesimama na kusema, “Mimi ni mzima.” Damu yaweza kuvuja ndani ya kichwa polepole. Akitapika, au akisinzia mno, au akisema maneno yasiyofuatana, msingoje asubuhi.

Wewe uliyeketi nyuma, usinyamaze. Mwambie dereva, “Polepole, ndugu yangu.” Asiposikia, shuka. Ni afadhali kufika kwa miguu.

Maswali

1. Kwa nini haifai kushika freni kwa nguvu ndani ya kona?
2. Taja vitu vitatu vya kutazama kila asubuhi.
3. Je, katika nyumba yako kuna pikipiki? Mipira yake i hali gani leo?