Injini Ikigonga, Zima Kwanza

Ndama akilia zizini, mfugaji hodari husikiliza kwanza. Anajua kilio cha njaa na kilio cha maumivu. Yafaa mkulima aijue injini ya gari au trekta yake vivyo hivyo. Kila injini ina mlio wake wa siku zote, na mlio huo ukibadilika, ujue kuna jambo.

Mkulima mmoja alikuwa akipeleka maziwa kwa pikapu. Njiani alisikia mgongano mzito chini ya injini, go, go, go, na taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasema moyoni, "Nitatazama nikifika, maziwa yasije yakachacha." Hakufika. Baada ya kilomita chache chuma kilikatika ndani ya injini na kutoboa ubavu wake. Maziwa yalichacha vile vile, naye akauza ng'ombe wawili wa maziwa apate injini nyingine. Kama angalipima oili kabla ya kuondoka nyumbani, na kama angalizima injini mara taa ilipowaka, huenda hasara ingalikuwa ndogo.

Basi tujifunze kusikiliza.

MASWALI MANNE

Usikiapo mlio mgeni, jiulize hivi:

1. Unasikika lini? Injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wa kupanda mlima?

2. Unatoka wapi? Juu ya injini, chini, mbele penye mikanda, au kwenye bomba la moshi?

3. Unafuata nini? Simamisha gari, uache injini ikinguruma, kisha kanyaga mafuta kidogo. Mlio ukizidi upesi, taabu iko katika injini. Mlio ukikoma kila gari linaposimama, yafaa kutazama magurudumu na ekseli.

4. Kuna dalili gani nyingine? Taa nyekundu, joto jingi, moshi au harufu?

Ili kujua mahali penyewe, tumia bisibisi ndefu. Gusa kwa ncha yake chuma kisichozunguka, na mpini uuweke kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Mahali penye mlio mkubwa ndipo penye taabu. Lakini angalia sana! Kunja mikono ya shati, vua tai na skafu, wala usisogee karibu na feni au mkanda. Mtoto asiwepo hapo.

PIMA OILI KWANZA

Kabla ya kushika spana, pima oili. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, ungoje dakika kama tano. Chomoa kijiti cha kupimia, ukipanguse kwa kitambaa safi, ukirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua ongeza kidogo kidogo, usipite alama ya juu.

Itazame rangi pia. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na mara nyingi ni kwa sababu gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Ukiona vumbi la chuma linalometameta, beringi zinalika. Katika hali hizi mbili usiiwashe injini, mwite fundi.

MILIO NA MAANA YAKE

Ti, ti, ti, mlio mwepesi juu ya injini. Mara nyingi ni valvu. Oili ikiwa ya kutosha na mlio hauishi, huenda nafasi ya tapeti imekuwa kubwa. Fundi huipima kwa vibati vyembamba na kuirekebisha kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Injini nyingine hujirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili, nazo huhitaji oili safi. Unaweza kwenda polepole mpaka kwa fundi.

Kwiii, kelele mbele injini inapowashwa. Mkanda umelegea, umechakaa, au umepakwa oili. Zima injini, utoe ufunguo, na uondoe waya wa betri, kwa kuwa feni za magari mengi ya siku hizi huendeshwa kwa umeme na huweza kuzunguka zenyewe. Katika injini nyingi za zamani, mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake mawili hushuka kama sentimita moja hivi. Usiukaze kupita kiasi, maana utaua beringi za pampu ya maji na za alteneta.

Puf, puf, penye bomba la moshi. Gasketi imetoboka au bomba limepasuka. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Usiudharau mlio huu. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huweza kuua watu walio ndani ya gari. Fungua madirisha na ulitengeneze gari upesi. Wala usiiache injini yoyote ikinguruma ndani ya banda lililofungwa.

Kikiki, wakati wa kupanda mlima kwa injini ya petroli. Petroli inawaka vibaya ndani ya silinda. Punguza gia, uondoe mguu kidogo, na utazame kama injini imepata moto kupita kiasi. Maji ya redieta usiyafungue mpaka injini ipoe. Mlio ukirudi kila siku, fundi apime wakati wa kuwaka kwa plagi.

Go, go, go, mzito, kutoka chini, ukizidi injini inapovuta mzigo. Huu ndio uliomfilisi mkulima wetu. Mara nyingi ni beringi kubwa za pistoni zilizolika. Zima injini hapo hapo. Gari livutwe, lisiendeshwe, hata kama nyumbani ni karibu. Taa ya oili ikiwaka injini inapokimbia, fanya vivyo hivyo.

Injini ya dizeli hugonga kidogo kwa desturi yake, hasa asubuhi ya baridi, kisha hutulia. Ikigonga kuliko siku zote, usilegeze mabomba ya dizeli wewe mwenyewe. Dizeli hutoka kwa nguvu kubwa, nayo huweza kupenya ngozi kama sindano. Jeraha hilo huonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali mara moja.

UKIFIKA KWA FUNDI

Usimwambie tu, "Gari linalia." Mpe majibu ya maswali yako manne. Fundi aliyeambiwa vizuri hatabadilisha vyuma kwa kubahatisha, nawe hutalipia visivyohitajika. Mwombe pia akuonyeshe kile chuma cha zamani alichokitoa.

JIPIME

1. Kwa nini tunapima oili injini ikiwa imezimwa?
2. Ni milio gani miwili isiyofaa kungoja hata siku moja?
3. Mlio ukikoma kila gari linaposimama, utatazama wapi?

Soma maswali haya pamoja na kijana wako anayeendesha trekta. Kesho asubuhi, kabla ya kupakia maziwa, chomoeni kijiti cha oili pamoja.