KUCHAGUA CHOMBO CHEMA CHA KUPASULIA KUNI

Katika hesabu ya watu iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2019, nyumba 55 katika kila 100 zilionekana kuwa hupika kwa kuni. Basi kupasua magogo ni kazi ya nyumba nyingi sana, lakini ni wachache wafikirio vema kabla ya kununua chombo cha kuifanyia. Wengine hutwaa shoka lolote lililoko dukani. Wengine, wakiisha kuona mashine ya kupasulia magogo ikifanya kazi, hutamani kuinunua siku ile ile. Wote wawili waweza kupoteza fedha zao.

Kuni hazipasuliwi ili zipate kuingia mekoni tu. Mti uliokatwa sasa hivi huweza kuwa na maji yafikayo nusu ya uzito wake, na ganda lake huyazuia maji hayo yasitoke upesi. Gogo likipasuliwa, upepo huingia kwenye nyama ya mti na kuikausha. Lisipopasuliwa, huonekana kavu kwa nje na kumbe ndani ni bichi. Kuni za namna hiyo zikitiwa motoni, nguvu ya moto hutumika kwanza kuyachemsha yale maji kabla ya kuipasha sufuria, na moshi huwa mwingi. Huo ndio moshi uharibuo macho na mapafu ya akina mama, na ya watoto wakaao karibu na meko. Tena jiko kisasa na jiko la Kuni Mbili, ambayo watu wengi wa Kenya wameyazoea, yana mdomo mdogo. Yote mawili yataka kuni nyembamba zilizokauka, na bila hizo faida yake hupotea.

Kabla ya kuuliza bei ya chombo, yafaa mtu autazame mti wake. Mkaratusi hupasuka kwa urahisi ukiwa mbichi, lakini ukiachwa ukauke katika gogo zima huwa mgumu sana, na nyuzi zake zilizojisokota hulishika shoka. Muwati ulionyoka haumsumbui mtu. Mvinje wa pwani ni mzito na mgumu, nao ni kuni njema sana. Mwenye mvinje asingoje ukauke ndipo apasue. Pahali penye vifundo vya matawi ni taabu katika kila mti. Urefu wa gogo nao una maana kubwa: gogo la sentimita 35 hupasuka kwa mapigo machache, na lile la sentimita 70 humshinda mtu huyo huyo mwenye shoka lile lile. Kwa hiyo mtu ambaye hana msumeno mkali na anatafuta mashine ya kupasulia ameanza mwisho.

Yako mashoka ya namna mbili, na watu wengi huyachanganya. Shoka la kukatia miti lina bapa jembamba lipatalo kuzama katika nyuzi na kuzikata. Likipigwa juu ya gogo lililosimamishwa huzama na kunasa pale pale, na mwenyewe hutumia nusu ya siku kulichomoa. Shoka la kupasulia ni nene mashavuni kama kabari. Likiingia kidogo tu, mashavu yale husukuma pande mbili za gogo zikaachana. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, kichwa cha kilo 3 au zaidi kidogo chatosha. Haifai kudhani kwamba kizito zaidi ndicho bora, kwa sababu nguvu ya pigo hutoka katika mwendo wa shoka kuliko katika uzito wake: uzito ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara mbili, lakini mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Mwanamke au kijana mwenye shoka la kilo 2 au 2 na nusu, alipigaye kwa wepesi, atafanya kazi nyingi kuliko akiinua kwa shida shoka la kilo 4.

Mnunuzi na alitazame shoka kwa makini kabla hajafungua mkoba. Mpini uliopakwa rangi ni wa kushukiwa, maana rangi huficha vifundo na nyufa. Nyuzi za mti wa mpini ziende moja kwa moja toka kichwani mpaka mwisho. Zikikata upande, mpini utavunjika siku moja katikati ya pigo, na kichwa cha chuma kitaruka. Tundu la kichwa liujae mpini bila nafasi. Kisha ajaribu makali kwa tupa: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitabanjuka, ikila kwa urahisi kama inavyokula msumari, chuma ni laini na makali hayatakaa. Lililo jema ni lile ambalo tupa huliuma kidogo kwa kushindana.

Mwenye magogo manene na aongeze kabari mbili za chuma na nyundo kubwa. Ni mbili kwa sababu moja ikinasa, ya pili huifungua. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji mjini Nairobi, hufua vyombo vizuri kwa springi za lori zilizokwisha kazi, na bei yao mara nyingi ni nafuu kuliko ya dukani. Ila yafaa kumwambia fundi mapema kwamba makali ya kabari yawe magumu, bali kichwa kipigwacho nyundo kibaki laini. Kichwa kigumu hutoa vipande virukavyo kama risasi, na watu wamepofuka kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, mgongo wa shoka la kawaida usipigwe nyundo kamwe. Kabari ikitumika sana kichwa chake hufunuka kama uyoga; kingo zile zikatwe kwa tupa au jiwe la umeme kabla ya kutumiwa tena. Miwani ya kukinga macho ni ya bei ndogo sana ikilinganishwa na jicho.

Tairi kuukuu likilazwa juu ya gogo la kupasulia, kuni hupasuliwa zikiwa ndani yake na hazitawanyiki, na shoka likikosea hupiga mpira badala ya mguu.

Sasa habari ya mashine. Mashine nyingi husukuma gogo kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa, kama jeki ya gari, na nguvu hiyo huhesabiwa kwa tani. Iko ya kusukuma kwa mikono, iendayo polepole lakini isiyotaka petroli. Iko ya umeme, ambayo zile za nyumbani huwa za tani 5 hadi 7. Iko ya petroli, ya tani 20 na zaidi. Na ichukuliwe nyumba ichomayo kilo 8 za kuni kila siku. Kwa mwaka ni karibu tani 3. Mwenye shoka jema akipasua kilo 200 kwa siku atamaliza kazi ya mwaka katika siku 15. Mashine ya petroli kwa nyumba kama hiyo italala karibu mwaka mzima, na mipira ya kuzibia mafuta, ambayo mafundi huiita sili, itakauka na kupasuka ikiwa imelala. Lakini shule ipikiayo mamia ya wanafunzi, au chama cha majirani kumi na watano waliochanga fedha, wana kazi ya kuitosha.

Wakinunua, waulize kwanza kama sili na vipuri vingine hupatikana karibu, maana mashine ya bei ndogo isiyo na vipuri ni ghali kuliko zote. Mashine iendeshwayo kwa mikono yote miwili ni salama zaidi, kwa kuwa hakuna mkono unaobaki kushika gogo. Ya umeme haifai kuunganishwa kwa waya mrefu mwembamba, kwani waya hupata moto na mota hukosa nguvu. Ya petroli isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu ya kumwonya mtu. Mashine iliyoundwa na fundi kwa jeki ya tani 10 yaweza kuwa njema, ikiwa fremu na maungio yake yana nguvu ya kuistahimili jeki hiyo. Na mafuta yakionekana kuvuja kwenye bomba, asiwepo mtu wa kupapasa kwa kidole kutafuta tundu, maana mafuta yaliyobanwa hivyo hupenya ngozi kama sindano. Mashine izimwe, kisha kipande cha mbao au karatasi ngumu kitumike kutafuta mahali pavujapo.