Mwalimu Bila Namba

*Nina miaka 27, na kwa miaka mitano nimefundisha gredi ya tatu katika shule ya kibinafsi huku Mbeere. KCSE nilipata wastani wa C, ingawa hesabu iliniangusha. Sasa mwenye shule anasema ifikapo Januari hataki mwalimu asiye na namba ya TSC. Kuna mtu mjini Embu anayedai atanipatia cheti cha chuo na namba kwa shilingi 150,000, na mama yuko tayari kuuza nusu ekari tunayopanda ndengu. Roho yangu inakataa, lakini nikifikiria kuketi chuoni na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi, naona haya. Nifanye nini? — Mwalimu, Kiritiri*

Mwanangu,

Mwambie mama asiuze shamba. Mwambie leo jioni kabla hajaongea na mnunuzi, kwa sababu shamba likishaingia midomoni mwa watu ni vigumu kulirudisha.

Huyo mtu wa Embu hana namba ya kukuuzia. Namba hutolewa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) yenyewe, kwa aliyeomba kwa jina lake na kuwasilisha vyeti vyake vya masomo, kitambulisho, cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi na fomu iliyojazwa na daktari. Atakachokupa yeye ni karatasi ya kughushi. Chuo kitakachoandikwa juu yake kinawajua waliosomea pale, na KNEC, baraza la mitihani, inayo matokeo yao. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, imekuwa ikiwapeleka kortini watumishi wa umma, walimu wakiwemo, walioajiriwa kwa vyeti bandia, na kuwadai mishahara yote waliyokwisha kuipokea. Hebu fikiria kudaiwa mshahara uliolishia watoto miaka kumi.

Mwenye shule naye usimwone adui. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa, awe wa shule ya serikali au ya kibinafsi.

Njia yako ipo, nayo ni diploma ya ualimu wa shule za msingi, ile iliyochukua nafasi ya cheti cha P1. Ilipoanza mwaka 2021 ilidai C katika masomo kadhaa, hesabu ikiwemo, na nadhani hapo ndipo ulipokata tamaa. Masharti hayo yamelegezwa tangu wakati huo, na wastani wako wa C ndio unaoangaliwa kwanza. Kozi ni ya miaka mitatu, pamoja na vipindi vya kwenda kufundisha shuleni ukikaguliwa. Karibu nawe kuna Kigari hapo Embu. Ukivuka kwenda Meru utakuta Egoji na Chuo cha Ualimu Meru. Maombi ya vyuo vya umma hupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni.

Kuhusu kuona haya, nikueleze yangu. Mimi nilianza kama UT, mwalimu asiye na mafunzo, na kwa miaka minne niliamini kwamba nafundisha vizuri sana. Nilipoenda chuo nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wengi. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa akachora ramani ya madawati, na kila nilipouliza swali akaweka alama kwenye dawati la mtoto niliyemwita. Baada ya kipindi alinipa ile karatasi bila neno. Alama zote zilikuwa kwenye safu mbili za mbele. Niliwakumbuka watoto walioketi nyuma miaka yote minne, nikalia. Sikuona haya tena kuwa mwanafunzi. Wewe utaingia chuoni ukiwa na sura za watoto kichwani, na kila somo litakuwa na mtu wa kumhusu. Hao wa juzi hawana hazina hiyo, na watakuja kukuuliza wewe.

Pesa ndiyo ngumu. Badala ya kuuza ile nusu ekari, ikodisheni msimu kwa msimu, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi. Ulizia basari ya CDF, hazina ya eneo bunge, mapema, fomu zake hazingoji mtu. Kama una chama, waambie ukweli wanachama wenzako. Likizo unaweza kurudi nyumbani na kusaidia kazi ya shamba.

Sitakuficha jambo moja: namba si kazi. Wako waliosajiliwa wanaongoja ajira ya TSC kwa miaka mingi, na wengine huanza kama walimu wa mafunzo ya kazini kwa posho ndogo. Lakini kwa shule kama yako, namba ya halali ndiyo inayotakiwa, na mwalimu wa gredi ya tatu aliyeivishwa na miaka mitano hutafutwa kwa tochi.

Basi Jumatatu mwone mwenye shule. Mwambie unakwenda kusoma, na umwombe barua ya kuthibitisha miaka uliyomfanyia kazi. Kisha panda matatu hadi Embu na nyingine ya kupanda Kigari, uulize karo na siku ya kufungua kwa mdomo wako mwenyewe. Beba sweta, mwanangu. Kule juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, baridi si ya Kiritiri.