Ultrasaundi ya mjamzito: usingoje tumbo liwe kubwa

Akina mama wengi huja kupima wakitaka kujua kama ni wa kike au wa kiume. Yapo makubwa zaidi ya hilo, na mengi huonekana vizuri mapema.

Swali: Mashine humwonaje mtoto aliye tumboni?

Kwa mwangwi. Kifaa kinachopitishwa tumboni hutoa mawimbi ya sauti yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, wakati sikio letu huishia kama 20,000. Mawimbi hayo yakigonga kiungo, sehemu yake hurudi, na kompyuta huchora picha kwa kupima muda wa kurudi. Mfupa hung'aa mweupe. Maji ya uzazi huonekana meusi.

Swali: Kwa nini napakwa jeli?

Hewa huzuia sauti isipenye. Jeli huondoa hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi.

Swali: Mtoto hadhuriki?

Ultrasaundi haina mionzi kama eksirei. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, na tangu hapo haijathibitika kwamba kipimo kinachofanywa kitaalamu humdhuru mtoto. Hata hivyo, kifanywe kwa sababu ya kitabibu.

Swali: Niende lini?

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24. Ukienda ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ni bora zaidi: watoto wote bado wanakua karibu sawa, hivyo urefu kutoka utosini hadi makalioni hutaja umri wa mimba kwa tofauti ya siku chache tu. Ukingoja mwezi wa nane, tofauti inaweza kufika wiki tatu, na uchungu ukianza ni vigumu kujua kama mtoto ni njiti au ametimia. Mapema pia huonekana mapacha, na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo inaweza kumuua mama.

Swali: Majibu yakiwa mazuri, bado nihudhurie kliniki?

Ndiyo, bila kukosa. Ultrasaundi haipimi presha, wingi wa damu, VVU wala kaswende. Kabla hujatoka, uliza tarehe ya matarajio na kondo la nyuma limekaa wapi. Likionekana limekaa chini, uliza urudi lini kupimwa tena. Likibaki limeziba njia, utajifungua kwa upasuaji, na hospitali ichaguliwe mapema. Majibu yaandikwe, umpelekee mkunga wako.