Kazi ya Vikundi: Funzo kutoka Bustani ya Hollenbeck

Baadhi ya walimu hudhani kwamba wanafunzi wakiwekwa pamoja, ushirikiano utazuka wenyewe. Sivyo. Na tuutazame mfano mmoja.

Mwaka 1970, katika bustani ya Hollenbeck jijini Los Angeles, Marekani, mchoraji Judith Baca aliwakusanya vijana 20 wa magenge manne yenye uhasama, wachore picha kwenye jukwaa la bustani. Kuvuka mpaka wa genge jingine kulikuwa hatari. Hivyo mama huyo aliweka walinzi wa kutoa ishara mahasimu wakikaribia. Picha waliyoichora ni ya bibi kizee aliyekunjua mikono, tayari kukumbatia.

Mwalimu hana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, usalama hutangulia kazi. Pili, mada iwe ya wote: bibi huheshimiwa na kila mjukuu, wala hakuna genge liwezalo kumdai peke yake. Tatu, kazi iwe kubwa kiasi cha kumshinda mtu mmoja.

Zoezi: Chagua ukuta mmoja shuleni. Kabla ya kugawa rangi, waongoze wanafunzi wasioelewana watafute jambo wanalolipenda wote.